Mumiani, donda ndugu na ngozi ya marehemu: hadithi inayoanzia Msimbazi

Wadau, nimekuwa kimya muda mrefu. Kazi za chumba cha habari zilinibana, halafu likaja la nyumbani, na hilo la nyumbani ndilo limezaa haya mnayoyasoma.

Mjomba wangu anauza vitenge Kariakoo, duka lake liko hatua chache tu kutoka Mtaa wa Msimbazi. Ana kisukari mwaka wa kumi na kitu sasa. Mwaka jana alikanyaga kitu, mpaka leo mwenyewe hajui ni nini, kwa sababu miguu yake ilishapoteza hisia. Siku tatu nzima alisimama dukani akipima na kukata vitenge huku kidonda kiko ndani ya kiatu. Kilipoanza kutoa harufu ndipo wateja walipojua, na sisi tukajua kwa wateja. Vidole viwili vilikatwa. Palipobaki pakagoma kufunga, wiki ikazaa mwezi, mwezi ukazaa miezi.

Basi binamu yetu anayeishi Muscat akanitumia picha kwenye simu. Kipakiti kidogo, ndani yake kitu cheupe kama karatasi nzito. Akaniandikia kuwa huko walimwekea jirani yao kwenye kidonda cha mguu, ni ngozi ya mtu aliyefariki, imeoshwa mpaka seli zote zimetoka, kimebaki kiunzi chake tu. Nikampelekea mjomba picha ile kwa furaha kabisa, nikampa shikamoo, nikamweleza. Akavua miwani, akaisogeza simu karibu na uso, akakaa nayo kama dakika nzima. Kisha akasema:

"Mpwa wangu, hii si mumiani hii?"

Nilicheka, lakini usiku ule sikulala vizuri. Nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo kicheko kilivyozidi kukauka.

Tuanze na mahali penyewe. Ukisikia Msimbazi wengi wenu akili inakwenda kwa Simba, na watani wa Jangwani wananuna. Tuwaache na mpira wao. Kariakoo, mtaa unaobeba Msimbazi mgongoni, jina lake ni la vidonda. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, walilikuta banda kubwa ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga kwa ajili ya soko. Wakaligeuza kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wazee wetu wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nao wanayo Kariokor yao, ya mama mmoja na ya kwetu.

Vita ile ya Wazungu wawili kwenye ardhi ya watu wengine ilipiganwa mahali pasipo na barabara, na mbung'o waliwamaliza farasi na ng'ombe wa kukokota. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Upande wa Waingereza pekee walichukuliwa wapagazi wapatao milioni moja, wengi kwa nguvu. Waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja. Risasi iliua wachache kati yao. Waliobaki walimalizwa na malaria, kuhara damu, homa ya mapafu na njaa. Na kabla mtu hajafa, miguu ilikuwa imeshatangulia. Funza waliingia kwenye vidole, mtu akajikuna, pakachimbika. Mwiba ukachana ugoko, na mchano mdogo ule ukawa tundu ndani ya siku chache, ukawa shimo linalonuka, mwingine ukafika mfupani.

Kiswahili kina jina la kidonda hicho: donda ndugu. Sisi waandishi tumelichosha neno hili. Rushwa ni donda ndugu, foleni ni donda ndugu, mgawo wa umeme ni donda ndugu. Lakini kabla halijawa pambo la vichwa vya habari, lilikuwa ugonjwa wenyewe wenye mwili na harufu. Hukaa zaidi chini ya goti, huletwa na bakteria wanaopenda mahali pasipo na hewa, wakishirikiana na wengine, na hustawi kwa mtu mwenye njaa. Mpagazi aliyebeba kilo 25 na zaidi, anakula unga usioiva vizuri, halali mahali pakavu, alikuwa shamba lililolimwa tayari. Penisilini haikuwepo. Ilikuja kufika huku baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Ukipita Posta, ile sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 ina maandishi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, nayo inawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu! Nimepita pale mara mia mbili bila kusoma. Sanamu yenyewe ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi hakuchongwa, aliandikwa tu.

Nawaeleza hivi ili muone kuwa swali la kidonda kisichofunga si geni mtaani kwetu. Hata mjomba analijua bila kusoma kitabu. Jipya kwake lilikuwa dawa yenyewe. Au ndivyo nilivyodhani.

Neno mumiani, wadau, lilianza kama dawa ya majeraha, ya kupaka na ya kunywa. Asili yake ni Uajemi, ambako mumia ni kitu cheusi kama lami kinachotoka kwenye miamba, na neno lenyewe lina undugu na neno lao la nta. Kiliaminika kuunga mifupa na kuponya majeraha. Kilisafiri kwa majahazi mpaka pwani yetu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza neno hili hivyo hivyo: kitu cheusi kama ulimbo, dawa ya mishipa na mifupa iliyovunjika, hutoka Uajemi. Halafu inaongeza kuwa wenyeji wengi wanaamini ni damu ya watu iliyokaushwa.

Wenyeji walikuwa wajinga? Subiri kidogo. Huko Ulaya neno hilo hilo lilifika kupitia waganga wa Kiarabu, na Wazungu wakaona maiti za kale za Misri zimepakwa kitu cheusi kinachofanana nayo. Wakachanganya mambo. Kwa karne kadhaa wauza dawa wa Paris na London waliuza unga wa maiti za Wamisri kama tiba ya michubuko na kutokwa damu. Mwaka 1582 daktari mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, Ambroise Paré, aliandika kitabu kuipinga biashara hiyo. Kwa hiyo wazo kwamba kuna watu mahali fulani wanageuza miili ya Waafrika kuwa dawa ya Wazungu halikuzaliwa Buguruni wala Kariakoo. Kuna wakati lilikuwa kweli kabisa, na risiti zilikatwa.

Baadaye neno likahama. Enzi za ukoloni mumiani akawa mtu, anayekukamata usiku na kukunyonya damu. Nairobi, Kampala na hapa kwetu lawama ziliwaangukia wazimamoto. Gari jekundu, watu wenye sare, wana mipira na ndoo, na mara nyingi huwaoni wakizima moto wowote. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi haya ya Afrika Mashariki na ya Kati katika kitabu chake cha mwaka 2000, na anachosema kwa ufupi ni kwamba tusiyatupe kama porojo. Watu walikuwa wanazungumzia jambo walilolijua vizuri, yaani kuchukuliwa kitu cha mwilini mwao na watu wasiowaomba ruhusa. Mtoto wa mpagazi aliyekamatwa akiwa shambani 1917 hakuhitaji kufundishwa habari hiyo.

Mwaka 1959, miaka miwili tu kabla ya Uhuru, ilifikia damu kweli. Pale Buguruni, ukishuka na Uhuru kutoka Mnazi Mmoja ukapita Ilala, umati uliamini kuna mumiani, vurugu zikazuka na askari polisi akauawa. Mwanahistoria James Brennan ameandika makala ndefu juu ya tukio hilo. Mjomba alizaliwa baada yake, lakini amekulia katika nyumba zilizolisimulia.

Sasa tuvuke upande wa pili wa barabara, maana kweli ni suala la kuvuka barabara. Ukipanda mwendokasi Gerezani ukapita Msimbazi yote, unafika kituo cha Fire, pale ilipo zimamoto. Mbele yako ni Morogoro Road, na ukiivuka unaingia Umoja wa Mataifa, inayokupeleka upande wa Muhimbili. Mumiani, Kariakoo na hospitali ya taifa viko kwenye mstari mmoja wa dakika ishirini kwa miguu. Muhimbili kuna jengo linaitwa Sewa Haji, jina la mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897 na ambaye fedha zake zilijenga hospitali ya Waafrika na Wahindi hapa mjini. Ile ya zamani ilirithiwa na Princess Margaret mwaka 1956, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo.

Huko kwenye ulimwengu wa tiba, kazi ya kufunika kidonda kwa ngozi ina historia ndefu kuliko nilivyofikiri. Mwaka 1869 Jacques-Louis Reverdin alifanya Paris majaribio ya kupandikiza vipande vidogo vya ngozi. Mwaka 1881 John Girdner wa New York aliripoti kutumia ngozi ya maiti kumfunika mtu aliyeungua. Mwaka 1910 John Staige Davis wa Johns Hopkins akaandika juu ya kutumia utando wa uzazi, ule tunaouita chupa, ambao mama mjamzito akipasuka ndipo anakimbizwa hospitali. Utando huo ni laini, una vitu vya asili vinavyopambana na bakteria, na unatupwa kila siku duniani kote.

Tatizo lilikuwa moja. Ngozi ya mwenzako hushika siku kadhaa, inapendeza, halafu inaoza na kudondoka. Kwa nini? Jibu lilipatikana Glasgow wakati wa vita, mwaka 1943. Thomas Gibson na Peter Medawar walimwekea mwanamke aliyeungua ngozi ya kaka yake. Ikadondoka. Walipomwekea mara ya pili ngozi ya kaka huyo huyo ikadondoka haraka zaidi. Mwili ulikuwa unakumbuka. Kinga ya mwili ilikuwa imewasajili wageni kwa majina, na waliporudi haikuwa na maswali. Medawar alipata tuzo ya Nobel mwaka 1960 kwa kazi iliyoanzia hapo.

Mkasa huu una tawi la kwetu pia. Archibald McIndoe, bingwa wa kuwatengeneza marubani walioungua katika vita ile, alipenda sana Kilimanjaro. Ni kwenye miteremko ya mlima huo yeye, mwanafunzi wake Michael Wood na Mmarekani Thomas Rees walipokaa wakapanga mambo yaliyozaa AMREF mwaka 1957, madaktari wanaoruka kwa ndege. Watu wanadhani AMREF ilianza na chanjo. Ilianza na mafundi wa ngozi watatu.

Turudi kwenye ngozi. Kama mwili unawakataa wageni, na wageni ni seli, je, ukiwatoa wageni ukabakiza nyumba? Hilo ndilo wazo zima. Fikiria nyumba ya Kiswahili ya pale Kariakoo, vyumba sita, ukumbi katikati, uani. Wapangaji wote wamehama na vyombo vyao, hata jina la mtu halijabaki ukutani. Kuta zipo, milango ipo, bomba lipo. Anakuja mpangaji mpya, anaingia, anawasha jiko.

Kwa ngozi ya marehemu inafanyika hivi. Inachukuliwa kwa idhini, mara nyingi mgongoni na mapajani, kipande chembamba. Damu ya marehemu inapimwa UKIMWI, homa ya ini, kaswende. Tabaka la juu linabanduliwa. Kisha inaoshwa kwa kemikali za jamii ya sabuni zinazopasua kuta za seli, chumvi, na vimeng'enya vinavyokata vipande vya DNA, kisha inasuuzwa tena na tena. Kinachobaki ni nyuzi za kolajeni na elastini, na mirija ambamo damu ilikuwa inapita. Kipimo ambacho wataalamu wamekitumia sana tangu mwaka 2011 kinataka DNA iliyobaki isizidi nanogramu 50 kwa kila miligramu ya tishu kavu. Ngozi ya kwanza ya aina hii kuuzwa kibiashara, AlloDerm ya kampuni ya LifeCell ya Marekani, iliingia kwenye tiba ya majeraha ya moto katikati ya miaka ya 1990.

Ikiwekwa juu ya kidonda, seli za mgonjwa mwenyewe zinaingia kwenye vyumba vile na mishipa ya damu inachipua. Kovu linakuwa laini zaidi. Na kidonda kilichofunikwa ni mlango uliofungwa, bakteria wa wodini hawana pa kupita. Hapo ndipo kinga dhidi ya maambukizi ilipo. Ila msidanganyike, ngozi hii si antibiotiki. Ukiiweka juu ya usaha inaoza kama kitu kingine chochote. Kwanza kidonda kisafishwe, nyama iliyokufa ikatwe, damu ifike mguuni, sukari ishuke. Hakuna kipakiti cha Muscat kinachoruka hatua hizo.

Nilipofika hapa nilikuwa tayari kurudi kwa mjomba na kumwambia: umeona, sayansi, hakuna mumiani. Halafu nikakutana na habari ya New Jersey.

Mwaka 2005 wapelelezi wa New York walianza kufukua makaburi. Michael Mastromarino, aliyekuwa daktari wa upasuaji wa kinywa, alikuwa na kampuni iliyoitwa Biomedical Tissue Services. Aliwalipa wenye nyumba za kuandalia maiti mpaka dola 1,000 kwa mwili, akakata mifupa, ngozi na mishipa bila ndugu kujua. Miili zaidi ya 1,000. Miguuni waliweka mabomba ya plastiki ili marehemu aonekane mzima kwenye jeneza. Fomu za idhini zilighushiwa, umri ukapunguzwa, sababu ya kifo ikabadilishwa. Mmoja wao alikuwa Alistair Cooke, mtangazaji mashuhuri wa BBC, aliyefariki mwaka 2004 akiwa na miaka 95 na saratani iliyokuwa imefika kwenye mifupa. Mzigo uliuzwa kwa kampuni za kusindika tishu, LifeCell ikiwemo, nayo ikalazimika kurudisha bidhaa zake kutoka hospitalini mwaka huo huo. Mastromarino alikiri makosa mwaka 2008 na akafia kifungoni mwaka 2013.

Nikamwambia mjomba habari hii. Hakushangaa hata kidogo. "Sasa wewe ulikuwa unanicheka nini?"

Ndiyo maana siwezi kuandika makala ya kusifia teknolojia na kuishia hapo, kama wanavyofanya wenzangu wengi wanaonakili taarifa za makampuni. Swali ambalo Buguruni waliliuliza vibaya mwaka 1959, kwa mawe na kwa kumuua mtu asiye na hatia, lilikuwa swali zuri. Nani katoa? Kaombwa? Anayenufaika ni nani?

Na sisi Watanzania tuna sababu zetu nyingine, mbaya zaidi, za kuliuliza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magazeti yalijaa habari za watu kuchunwa ngozi mkoani Mbeya. Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao, watoto wakakatwa mikono wakiwa hai. Nchi yenye kumbukumbu hiyo, utasimama vipi kwenye kipaza sauti pale Mnazi Mmoja useme tunaomba watu wajiandikishe kutoa ngozi? Mimi nisingependa kuwa ofisa habari wa siku hiyo.

Lakini uhitaji upo, na si wa kufikirika. Tarehe 10 Agosti 2019, Jumamosi asubuhi, lori la mafuta lilianguka Msamvu, Morogoro. Watu wakaenda na madumu. Likalipuka. Waliokufa, pale pale na baadaye hospitalini, walipita 100. Zaidi ya 40 waliletwa Muhimbili, na wengi wao hawakurudi nyumbani. Mtu akiungua asilimia 60 au 70 ya mwili hana ngozi yake ya kutosha ya kumhamishia. Maji yanamtoka, bakteria wanaingia, na mara nyingi kinachomuua wiki ya pili ni maambukizi. Ngozi ya marehemu, iliyooshwa au hata ya kawaida iliyohifadhiwa kwenye gliserini, humnunulia wiki kadhaa. Waholanzi wana benki ya ngozi tangu mwaka 1976. Mumbai, mahali ambapo nusu ya Kariakoo huenda kutibiwa, hospitali ya Sion ina yake tangu mwaka 2000.

Na kuna hii ya kimya kimya, ya akina mjomba. Muhimbili kuna kliniki ya miguu ya wenye kisukari, na Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wameandika mengi kutokana na wagonjwa wa hapa Dar. Makala yao moja ya mwaka 2005 ilinifanya niweke kikombe cha chai chini. Inahusu wagonjwa wa kisukari walioliwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala. Hawakusikia, kwa sababu mishipa ya fahamu ilishakufa. Wanaamka asubuhi wanakuta damu kwenye shuka. Ninyi mnaoijua Kariakoo usiku, maduka yakishafungwa na maganda yakiwa yamelundikana, mnawajua panya wa pale walivyo. Ni kutokana na mambo kama haya Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo za mpango wa hatua kwa hatua wa miguu, ulioanza mwaka 2003 kwa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kukagua miguu kabla ya msumeno. Hakuna ngozi ya marehemu humo, ni viatu, elimu, kisu kikali cha kusafishia na subira. Umeokoa miguu mingi kuliko kipakiti chochote.

Kipakiti chenyewe bei yake ni mamia ya dola, kikubwa ni maelfu. Vingine vinatengenezwa kwa utumbo wa nguruwe, na mjomba wangu swala tano hazimpiti, sijui ningeanzia wapi. Waaisilandi wanatumia ngozi ya samaki aina ya chewa iliyoondolewa seli, na Wabrazili wa Fortaleza wamefunika majeraha ya moto kwa ngozi ya perege. Perege! Tunazitupa kwa ndoo. Mtu wa Mwanza anayesoma hapa anisaidie kuwaza.

Mimi, kama mtu angeniuliza, ningeanzia kwenye chupa ya uzazi. Amana iko hapo Ilala, wanazaliwa watoto usiku na mchana. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyechunwa, na wa kuombwa ruhusa yupo kitandani, anaongea. Najua kuna familia ambazo kondo la nyuma lazima lizikwe kwa heshima yake, na hizo ziachwe. Lakini nyingine, ukiwaeleza vizuri, nina hakika watakubali. Utando huo unaweza kuoshwa seli kama ngozi.

Ushahidi wangu ni huu. Pale Mchikichini, ng'ambo ya Msimbazi, kuna kituo cha Kanda ya Mashariki cha Damu Salama, mpango wa taifa ulioanza katikati ya miaka ya 2000. Nilikwenda Jumatano moja. Kijana wa bodaboda, dada wa chuo na mzee mmoja wa Kiislamu walikuwa wamejilaza kwenye viti, mikono wamenyoosha, mipira myekundu inashuka kwenye mifuko. Wamekwenda wenyewe. Muuguzi anawaita kwa majina yao, anawauliza wamekula, anawapa soda. Kabla ya Simba Day mashabiki wa Msimbazi wamekuwa wakipanga foleni za kuchangia, kwa jezi nyekundu, naona hata damu yenyewe ingeshangilia. Na yote haya yanafanyika kilomita chache tu kutoka mahali ambapo mwaka 1959 mtu aliuawa kwa uvumi wa damu. Hakuna aliyewapiga marufuku watu kuamini mumiani. Waliulizwa, wakaonyeshwa sindano mpya ikifunguliwa, wakaambiwa inakwenda kwa nani.

Kidonda cha mjomba kimefunga, kwa njia. Hakikuhitaji ngozi ya mtu. Kilihitaji miezi saba, kiatu cha pekee, sukari kushushwa, na binti yake kusafisha kila siku na kupiga picha kwa simu kuwaonyesha wauguzi. Anatembea kwa kuchechemea kidogo, yuko dukani. Wiki iliyopita nilimuuliza tena: kama kisingefunga, na kama mwenye ngozi aliiandika mwenyewe kabla ya kufa kwamba atakayeihitaji apewe, angekubali? Akaendelea kukunja kitenge, akakilaza juu ya vingine.

"Ningetaka kujua jina lake," akasema. "Nimwombee."

Wadau, kama una bibi au babu aliyekuwa anaishi Buguruni, Ilala au Kariakoo mwaka 1959 na anakumbuka habari ya mumiani, naomba unitafute. Nataka kumsikiliza mwenyewe, na kinasa sauti changu kina betri mpya.